Karatasi ya Moteri Haikudanganya

Ukurasa wa gazeti wenye picha ya gari jekundu ulifika Butembo, pistoni ikiwa imefungwa ndani yake. Fundi wa gereji ambako kaka yangu alitengenezea lori lake aliunyoosha, akaubandika ukutani, na kila Jumapili baada ya ibada tulikuwa pale tukiubishania. Gari la Kiitaliano la watu wawili, limelala chini kama kitanda. Takwimu zake ziliandikwa kwa Kifaransa chini ya picha.

Nilikuwa nimemaliza sekondari, kazi hakuna, na vita vilikuwa vimefunga nusu ya barabara. Nilichobaki nacho ni fizikia. Gazeti lilitaja nguvu za farasi na, kando yake, nguvu ya moteri ya kuzungusha. Nikawaonyesha kwa chaki: zidisha nguvu ya kuzungusha kwa mizunguko ya dakika moja, gawanya kwa 716, unapata farasi. Farasi wa gazeti walikuwa wengi kuliko hesabu ilivyoweza kuwazaa. Walioliunda gari walikuwa wameongeza.

Fundi alicheka, akasema kumbe hata Wazungu banatiaka maji mu pombe. Tangu siku ile wakaniita Professeur, nami nikaanza kutembea kama Professeur.

Kisha habari za mji wa Kayna, ng'ambo ya mlima, zikaharibika. Mama alikuwa kule peke yake, na goti lake baya. Kaka alitaka kwenda kumchukua kabla askari hawajafika, na alijua kwamba wakati wa kurudi watu wangejaa lorini, maana huwezi kuwaacha barabarani. Lori lilikuwa limetoka tu kuwekewa moteri nyingine, iliyotumika, iliyokuja na karatasi yake ya vipimo. Karatasi hiyo hakumpelekea fundi. Aliniletea mimi.

“Mudogo yangu, hizi namba ni za kweli? Itapanda Alimbongo na batu juu?”

Nilipiga hesabu mara mbili. Namba zilikubaliana zote.

“Ni za kweli, yaya,” nikamjibu kaka yangu. “Jaza tu.”

Tulikwenda Kayna pamoja, na wakati wa kurudi akajaza watu na magunia yao. Kwenye mlima wa Alimbongo, mama akiwa kati yetu mbele, lori likaanza kutoa moshi mweusi, likakohoa, likazimika. Abiria mmoja aliruka na kipande cha mti, akakiweka nyuma ya gurudumu. Wote wakashuka. Kaka alijaribu tena, na tena, hata baada ya kushusha nusu ya magunia, likakataa. Mzee mmoja aliyewahi kuendesha malori alikuja dirishani kwangu, akaniambia taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba.

“Hii moteri balipimaka kule chini, karibu na bahari. Huku juu hewa ni kidogo. Inakosa pumuzi.”

Fundi wetu alilijua hilo. Angeulizwa, angelisema. Mimi nilikuwa nimetafuta uongo tu kwenye karatasi, na uongo haukuwamo.

Risasi zikasikika chini, upande tuliotoka. Watu wakaanza kupanda kwa miguu.

“Enda na mama,” kaka akasema. “Miye nabaki na vitu ya batu.”

Tulitembea ndani ya ukungu, mama ameniegemea, akisimama kila hatua chache kulikanda goti. Kesho yake gari la wauza viazi lilituchukua hadi Butembo. Kaka alifika siku ya nne, bila lori, bila viatu. Aliuliza kama mama amefika. Mengine hakuyasema, na mpaka leo hajayasema. Hakunilaumu hata kidogo, na hilo ndilo silizoei.

Sikurudi gereji. Nimeishi Bunia, Kasese, Kisangani, na kila mji naona ni wa kupita. Vijana wakinionyesha kwenye simu gari la farasi elfu moja, mkono wangu bado unagawanya kwa 716. Nikiwauliza lilipimiwa wapi, wananicheka.

Kaka analima viazi Masereka. Tangu wakati ule hajashika usukani. Mara ya mwisho nilipomtembelea nilimwonyesha gari moja la namna hiyo, jekundu pia. Aliweka jembe chini, akapokea simu.

“Itapanda Alimbongo?”

“Sijui, yaya.”

Akanirudishia simu, akaokota jembe.