Buku ya Kazi Iliyochomwa

Yule karani alivaa tai hata siku ya joto. Mpaka leo nikiona mwanaume anajirekebisha tai mbele ya watu wanaongoja, damu inanichemka.

Miaka ile Wabeleji wangali wanatawala, mtu wa kampuni alitibiwa na kampuni, yeye na mke na watoto. Fundi cherehani, seremala, mchuuzi wa soko la Nyawera hapa Bukavu, hao walijitegemea na hawakuwa na mtu. Ndipo likaanzishwa shirika la kusaidiana: unaandikwa, unapewa kadi, ukiugua hospitali inakupokea kwa kadi ile. Shirika lilitafuta watu wa kupita nyumba kwa nyumba. Na kwa sababu mwanaume mgeni hawezi kuingia lupango, kiwanja cha nyumba ya mtu, wakati bwana mwenye nyumba hayupo, wakachukua wanawake wawili. Mmoja nilikuwa mimi. Sikuwa mfanyakazi wao. Nilijitegemea kama hao niliowaandika.

Nilikuwa nimesoma kwa masista miaka mitatu: kusoma polepole, kuandika jina na kijiji. Majina niliyoandika nayakumbuka yote, hata ya wale waliokwisha kufa, lakini humu siyaweki. Sheria za shirika karani alinisomea mara moja kwa Kifaransa, kisha akazigeuza kwa Kiswahili mbiombio kama mtu anayekimbia mvua. Nilichoshika ni hiki: ugonjwa uliokuja nao kabla ya kuandikwa, shirika haliulipii mpaka miezi kumi ipite. Na mimba iko humo.

“Mimba ni ugonjwa, papa?”

Akacheka. “Maman, wewe andika tu.”

Nikaandika. Kati ya watu wangu wa kwanza alikuwa jirani yangu wa mtaa wa Kadutu. Mumewe alikuwa ametoka kwenye mgodi wa dhahabu upande wa Mwenga. Kapita, msimamizi wa kule, alimpiga mbele ya wenzake, naye akaondoka kabla ya kumaliza kontra, mkataba wake wa kazi, akaja Bukavu na mke na watoto wawili, akashika useremala. Wakati ule kuvunja kontra kulikuwa kosa la kufungwa. Na buku yake ya kazi, ile waliyopewa na kampuni, ilisema wazi kwamba hakumaliza. Watu wengi wa Kadutu waliokuja namna ile walizitia buku zao motoni ili polisi wasizikute.

Jioni niliyowaletea kadi zao mpya, buku ilikuwa imewekwa pale juu ya kiti, mume na mke wanaitazama kama nyoka.

“Tuichome ao tuizike?” mume akauliza.

“Ichomeni,” nikasema mimi. “Muko na kadi sasa. Hiyo ya zamani ni ya kazi gani?”

Nikachukua kijiti nikageuza kurasa ndani ya makaa, zishike vizuri. Mimi, kwa mkono wangu.

Mke alikuwa na mimba ya miezi sita. Mtoto wake wa pili daktari wa mgodi alimtoa kwa kisu, akamwambia: wa tatu asizaliwe nyumbani, utakufa. Kwa hiyo mimba ilipofika miezi minane alikwenda hospitali kuomba siku yake ya kupasuliwa. Sista wa mlangoni akatazama kadi, akatazama tumbo, akahesabu kwa vidole. Miezi kumi haijapita. Akamrudisha.

Tukaenda watatu kwa karani. Benchi ilijaa watu.

“Kama alitibiwa na kampuni mbele ya kuja kwetu,” karani akasema, “alete buku ya bwana yake. Mwenye kuonyesha kwamba alikuwa na matunzo mahali pengine hangoji hata siku moja.”

Nikampigia kelele: “Hiyo sheria hukuniambia!”

“Iko ndani ya karatasi niliyokupa.”

“Karatasi iko kwa Kifaransa!”

“Basi jifunze Kifaransa, maman.” Akajirekebisha tai. Watu wa benchi wakacheka, na mimi nikatoka nje. Nilimkasirikia yeye, lakini kile kijiti nilikuwa nimekishika mimi.

Njiani mume akasema, “Twende kijijini Miti kwa mama. Amezalisha wanawake wengi.”

“Mama yako iko na kisu cha daktari?” mke akamjibu. “Iko na damu ya kunirudishia? Nenda wewe ukazae.”

Nyumbani kwao nikapindua sanduku lao lote kitandani, nikitafuta karatasi yoyote ya kampuni. Nguo, rozari, picha ya ndoa. Na chini kabisa, kadi ya kupimia mtoto. Kule mgodini, kila wiki akina mama walipeleka watoto kwenye mizani. Asiyepeleka alinyimwa posho ya unga. Kwenye kadi kulikuwa na jina la mama, jina la baba, kilo zake mwezi kwa mwezi, na kila mwezi muhuri wa kampuni.

“Kwa nini uliiweka?” nikamuuliza.

“Nilipenda namna kilo zake zilipanda.”

Tukarudi mbio kabla karani hajafunga. Akaigeuza kadi, akaisukuma. “Hii ni ya mutoto. Si ya mama.”

“Mutoto alijipeleka mwenyewe kwenye mizani?” nikasema kwa sauti. “Alijizaa? Kampuni inapimaka watoto iliookota njiani?”

Mara hii benchi ilimcheka yeye. Mzee mmoja akapiga goti lake. Karani uso ukabadilika. Akaishika kadi tena, akaisoma polepole, kisha akamtazama mume.

“Sawa. Nikiipokea, nitaandika bwana alitoka kampuni gani. Halafu watauliza alitoka namna gani.”

Hakuna aliyecheka tena. Mke akanyoosha mkono airudishe kadi ndani ya kitenge chake. Mume akamshika mkono.

“Andika,” akamwambia karani. “Boloko, jela yao, mutanitoa siku moja. Yeye kaburini je?”

Karani akaandika, akapiga muhuri. Alikuwa na kijisanduku cha mihuri, na alichagua muhuri bila haraka, kama mtu anayechagua nyama sokoni.

Mtoto alitolewa salama, msichana, na mama yake akapona. Siku ya pili polisi walikuja Kadutu wakamchukua baba yake akiwa na randa mkononi. Sheria yote, neno kwa neno, nilimlazimisha karani anisomee wiki ile ile, mbele ya benchi, kila mara nikimwambia, “Rudia, sijasikia.” Ilikuwa na mambo saba. Mara ya kwanza aliniambia mawili.

Mtoto alikuwa na wiki tatu tulipompeleka gerezani baba yake amuone kupitia senyenge, ile waya ya miiba. Askari akasema tusimame mbali. Mama akamuinua juu kwa mikono miwili, kidonda cha kupasuliwa bado kinamuuma, baba akasimama kule na nguo za kifungo akipunga mkono. Mimi nilikuwa natukana kwa Mashi, lugha ya kwetu, kila tusi nililolijua, kwa karani, kwa kapita, kwa waliotunga ile karatasi. Askari alikuwa Mushi, mtu wa lugha ile ile. Alisikia yote, akatazama pembeni.