Mipira Kumi ya Kabedi

Sisi tuliokulia mtaa wa Hewa Bora miaka ile tulikuwa hatulali likizo ya kiangazi, majira yetu ya vumbi na baridi. Alfajiri tuko nje, midomo imepasuka kwa baridi, miguu myekundu kwa vumbi, kitumbua cha moto mkononi, na mama anafoka nyuma, "Mutakamatwa na baridi, murudie muvale triko!" Nani alirudi?

Mwaka fulani nilikuwa na wazimu mmoja tu, tenisi. Jirani yetu, Papa Mulenga, alitunza uwanja wa klabu moja ya zamani, uwanja wa udongo wa kichuguu, ulioshindiliwa na kumwagiliwa maji mpaka ukang'aa. Asubuhi, kabla wakubwa hawajafika, aliniachia nipige mipira. Basi klabu ikatangaza mashindano ya watoto, wawili wawili. Niliruka kwa furaha, halafu nikakumbuka kwamba mtaani kwetu hakuna mwingine aliyejua kushika raketi.

"Ulete mwenzako samedi," akaniambia Papa Mulenga, yaani Jumamosi. "Akirudisha mipira kumi bila kukosa, nitabaandika bote babili. Akikosa, basi mama, utaangalia benzako."

Nikamchagua Kabedi, rafiki yangu wa kufa na kuzikana, binti mwenye mikono ya chuma na asiye na chembe ya subira. Siku tano tu! Na mimi mwalimu, jamani, nilikuwa mkali kuliko masista wa shule. "Kunja magoti! Angalia mpira! Mkono mmoja!" Kabedi aliishika raketi kwa mikono miwili, akaupiga mpira kutoka juu, pwaa, ukajibamiza miguuni pake. Mwingine uliruka ukuta ukaenda kwa wenye mbwa. Alhamisi akaitupa raketi chini.

"Ucheze peke yako! Mi siwezi!"

Akaenda zake. Nililia kwa hasira, kweli nililia, maana nilishajiona Jumamosi nimekaa pembeni na gauni langu jeupe.

Jioni nikaenda kwao kumwomba radhi. Nikamkuta uani na dada yake, wanatwanga sombe, majani ya muhogo, kinu kimoja, michi miwili. Huyu anashusha, yule anapandisha, tu, tu, tu, haigongani hata kidogo, na wao wala hawakiangalii kinu, wanamsengenya mjomba wao aliyeoa tena. Nikapiga kelele, "Kabedi! Ni hii! Ni hii tu!" Dada yake akadhani nimeumwa na nyoka.

Ijumaa sikufundisha kitu. Magoti sikuyataja, na ile mikono yake miwili niliiacha hivyo hivyo. Nilimpelekea mpira nikiimba, "We! Mi! We! Mi!" Ukarudi. Ukarudi tena! Mara Kabedi akaanza kunisimulia mambo ya harusi ya mjomba, na mpira unakwenda na kuja.

Jumamosi Papa Mulenga alisimama kwenye wavu, akihesabu kwa sauti. Sita. Saba. Wa nane uligonga wavu, ukapanda, ukaangukia upande wangu karibu kabisa, mama weee! Nikauwahi kwa ncha ya raketi. Tisa. Kumi! "Inatosha," akasema. Nani alimsikia? Kabedi ananirudishia, namrudishia, tunacheka mpaka machozi. Papa Mulenga akachoka kuhesabu, akakaa chini, akatuandika.

Mashindanoni tulitolewa mechi ya kwanza, tukapigwa vibaya na mapacha wenye viatu vyeupe. Wala hatukujali.

Wanangu mimi wanacheza tenisi kwenye simu, kwa kidole gumba, wamelala kwenye kochi kama wagonjwa. Nilipowasimulia haya wakauliza tulipata zawadi gani. Nikampigia Kabedi, ambaye siku hizi anafanya biashara huko Sakania.

"Zawadi?" akapiga kelele. "Ubaambie ile samedi bakubwa ba klabu bote balisimama na raketi yabo mukononi, bakatungojea tumalize!"

Nilikuwa nimesahau kabisa. Watu wazima wenye kazi zao, zamu yao imefika, wamesimama juani wanawangoja watoto wawili wa Hewa Bora, na hakuna aliyetufukuza. Siku hizi nani anamngoja mtoto amalize kucheza? Jana tu niliwanyang'anya wanangu ile simu. Wakalia, "Mama, imebaki kidogo!" Sikuwangoja.