Mshumaa wa Marouso

Meli ya saa tano ikitia nanga, wageni wote hugeuka kushoto, kwenye ufuo wa mabaa. Mwaka ule, mgeni mmoja aligeuka kulia, akapanda ngazi mia tatu na arobaini hadi kijijini kwetu, begi mgongoni, uso umemwiva. Jina lake Wouter, mwalimu mstaafu kutoka Uholanzi, na Kigiriki chake kilikuwa cha vitabuni. Alisema mabaa hata kwao yamejaa. Yeye amekuja kuona Mtakatifu Pelagia akihama nyumba.

"Basi umechelewa miaka saba, bwana," nikamwambia. "Pelagia alihamia kwa Marouso, na hatoki."

Marouso ni jirani yangu. Chumba chake na changu vinagawana ukuta mmoja. Picha ya Mtakatifu Pelagia haikai kanisani. Hukaa nyumbani kwa mtu mwaka mzima, na siku ya sikukuu mtu huyo hulisha kijiji dengu, kisha mwingine huichukua. Haiombwi, wala haigawiwi. Mwenye nayo huiweka mezani mbele ya watu, mshumaa ukiwaka mbele yake. Akiuzima, ameachilia, na anayeitaka husimama. Ukiwaka, hakuna wa kusimama. Hata padri hana kauli hapo.

Picha ilikuwa na siku arobaini nyumbani mwake pale mumewe, Yakoumis, alipojilaza mchana asiamke tena. Tangu hapo Marouso akawa na mtu mmoja tu wa kuzungumza naye. Mchana, kijiji kizima kimelala, madirisha yamefungwa, hata upepo umejinyoosha juu ya mawe, nilikuwa nikimsikia kupitia ukutani. Anamsimulia Pelagia bei ya nyanya, mbuzi aliyepotea, ndoto aliyoota ya bahari iliyojaa unga. Hunyamaza kidogo, kama anayesikiliza jibu, kisha hucheka. Nami niko nusu macho, nusu usingizini. Siku nyingine ningeweza kuapa kwamba nimesikia wanawake wawili wakicheka.

Nilimwonea wivu, nisiseme uongo. Binti yangu ameolewa Melbourne, nyumba yangu imebaki na saa ya ukutani na mimi. Miaka saba nilikuwa nimeisafisha rafu moja, nikaitandika kitambaa cheupe, nikaweka kikombe cha mrehani kando. Kila sikukuu nilivaa viatu vyangu vizuri, nikakaa karibu na meza. Kila sikukuu mshumaa uliwaka hadi mwisho, na Marouso akasimama, mikono kiunoni.

"Watu wa kijiji hiki mmekuwa mawe," alisema. "Hata mmoja hamtaki kumkaribisha?"

Sisi tukaangalia sahani zetu. Nani angemwambia mjane kwamba mlango ameufunga yeye mwenyewe?

Mwaka aliokuja Wouter, ikafika barua ya askofu. Picha isiyohama si ya kijiji tena, ilisema; isipopata nyumba mpya sikukuu hii, itashushwa bandarini, ikae kanisa kuu nyuma ya kioo. Marouso aliniletea ile barua.

"Soma, Anezina. Soma mlivyoniponza."

"Sisi?"

"Ninyi. Nyuma ya kioo atazungumza na nani, maskini?"

Nilikuwa na jibu mdomoni, nikalimeza. Nalijutia mpaka leo.

Wouter alipanga chumba cha juu kwa Marouso, akaanza kuuliza. Kwa nini dengu huoshwa mara tatu, kwa nini chungu huzibwa kwa unga uliokandwa, kwa nini tanuri huwashwa kwa matawi ya mzeituni na si kuni nyingine. Marouso alimjibu yote kwa furaha, naye akaandika yote kwenye daftari. Marouso alimkosoa namna ya kuchambua dengu, akamwita mvivu, akamshonea kifungo cha shati. Sikuwa nimemwona vile tangu Yakoumis alipokuwa hai.

Siku ya sikukuu tukatoa vyungu tanurini, tukavunja vizibo, mvuke ukajaa uwanja mzima hadi nyuso za watu zikawa kama zinaelea. Tulikula. Zeze ikapigwa taratibu. Picha ikaletwa mezani, mshumaa ukiwaka mbele yake kama kawaida. Marouso akasimama, mikono kiunoni. Kabla hajafungua mdomo, Wouter akafungua daftari lake.

"Mama Marouso, samahani. Uliniambia mshumaa ukiwaka, hakuna wa kusimama. Mbona unawaka?"

Zeze ikanyamaza. Padri akajifanya anatafuta kitambaa mfukoni.

"Huo?" Marouso akasema. "Huo si wa Pelagia. Huo ni wa Yakoumis. Aliuwasha asubuhi ile, mchana akaenda kulala. Tangu siku hiyo naupokeza, mshumaa mmoja unawasha mwingine. Haujazimika hata mara moja."

Akatutazama mmoja mmoja.

"Nilidhani mnajua."

Hatukujua. Sisi tulidhani anamng'ang'ania mtakatifu; yeye alidhani hatumtaki. Au alijua, kwa upande ule wa moyo ambao mtu hauchungulii. Sijamuuliza, na sitamuuliza.

Alikaa kitako mbele ya mwali ule muda mrefu. Midomo ilimcheza; nadhani alikuwa akimuaga mumewe. Kisha akainama, akaupuliza taratibu, jinsi unavyopoza uji wa mtoto. Uzi wa moshi ukapanda, tukautazama wote hadi ulipoisha.

Miguu yangu ilikuwa imesubiri miaka saba. Nilisimama.

"Wewe?" Marouso akasema, macho yamejaa machozi. "Na ile rafu yako yenye mende?"

"Mende wamehama, shoga. Waliposikia anakuja mgeni wa heshima."

Watu wakacheka, yeye pia. Wouter hakuandika kitu. Alikuwa akilia waziwazi, mtu mzima, kijiko mkononi.

Kesho yake mchana nilijilaza. Pelagia alikuwa juu ya rafu yangu, mrehani ukinukia, mshumaa mpya ukiwaka. Nilitaka kumwambia jambo, nikakosa pa kuanzia. Upande wa pili wa ukuta kulikuwa kimya, kimya kile cha nyumba ambayo mtu amekaa kitandani bila kulala. Nikakijua, maana nimekiishi.

Mara nikasikia ukuta ukigongwa kwa kidole.

"Pelagia," sauti ikasema, ya chini, ya aibu. "Unanisikia huko?"

Nikamtazama mtakatifu. Hakujibu. Nikajisogeza, nikaweka shavu langu kwenye chokaa baridi.

"Anakusikia, shoga," nikasema. "Yule mbuzi alipatikana?"