Mama Alifagia Msitu

Jumatano, tarehe 17 Septemba. Jua kali na upepo wa vumbi. Adhuhuri lilitokea wingu zito upande wa Benaco, tukakimbia kuanua muhogo, likaenda zake Rwanda.

Sina hakika kama nitaeleza vizuri, maana shule niliishia darasa la saba. Mtaalamu wa chuo, binti mpole mwenye buti kubwa kuliko miguu yake, anachunguza msitu ulio nyuma ya shamba letu. Wakati wa kambi ya wakimbizi ya Benaco msitu huo ulikatwa ukabaki visiki, sasa umeota tena. Watu husema wakimbizi ndio walioumaliza. Haki isemwe: na baba yangu alikuwa na shoka, na halikulala.

Mtaalamu anataka kujua msitu ulioumizwa hivyo unaweka hewa ukaa kiasi gani. Nilivyoelewa mimi, mti huvuta hewa hiyo ukaificha kwenye mbao na majani. Majani yakidondoka yakaoza, nyingine inaingia udongoni, nyingine inarudi juu. Basi alipigilia vigingi vinne, akazungushia kamba, akasema majani yatakayodondoka humo mwezi mzima yasiguswe, halafu tutayapima. Mlinzi wa kamba ni mimi. Aliahidi kwamba mlinzi mzuri ataendelea naye mpaka mwakani, na kazi hiyo naitaka sana, sifichi.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kupima. Nilitangulia asubuhi, nikakuta ndani ya kamba ardhi tupu, ina mistari ya ufagio kama kichwa kilichochanwa.

Nilirudi nyumbani mbio. "Mama, nani amefagia kule?"

"Mimi. Mgeni wa chuo anakuja, akute takataka? Atasema hatukufundwa."

"Na majani?"

"Nimetandaza kwenye migomba. Ulitaka niyapike?"

Siwezi kumlaumu. Kwetu mgeni hapokelewi mahali pasipofagiwa, na mimi sikuwa nimemweleza kitu. Nilijifanya kazi yangu ni ya siri. Nilichukua kikapu nikaanza kuyazoa ili niyarudishe. Kilipofika nusu nikaona nimezoa pia majani ya mgomba na kinyesi cha mbuzi. Nikajiuliza mtaalamu atauamini vipi msitu wenye mbuzi. Nikaona aibu, nikamwaga.

Alipofika nilimweleza yote, hata la kikapu. "Kosa ni langu, nusu," nikasema. Nikafikiri kidogo. "Zaidi ya nusu."

Aliitazama ile mistari ya ufagio. "Hapa hapahesabiki tena." Nikajua kazi imekwenda.

Mama alikuwa amefika na kigoda cha mgeni. "Shikamoo mama," mtaalamu akamwambia.

"Marahaba. Karibu ukae, ni pasafi."

"Nimeona. Mama, majani ya msitu huwa unayachukua mara nyingi?"

"Kila kiangazi. Migomba itakula nini? Na majirani wote wanachukua. Hapa tu ndipo nilipopaacha, kwa jinsi huyu alivyokuwa anapakodolea macho."

Mtaalamu akatoa daftari. "Mimi nahesabu yanayodondoka na yanayooza. Yanayoondoka kwa vikapu sikuyajua."

"Hukuuliza," mama akasema.

Waliongea mpaka nikakaa mimi kwenye kile kigoda. Mwishowe mizani alikabidhiwa mama: kila kikapu kipimwe kabla hakijaenda migombani, na majirani nao waje kwake. Mimi nimebakizwa mpaka mwakani, niandike anachopima mama, kwa kuwa yeye hajui kuandika. Na nibebe kikapu. Nadhani ni haki, ingawa jana nilikuwa mlinzi.

Jioni tulikula ndizi na maharage. Mtaalamu alikaribishwa, akaongezewa mara mbili. Kabla ya kupakua, mama alifagia tena.