Maziwa Hayasukumwi

Mtoto wa fundi bomba alitapika na kuharisha siku nne, na hawezi kula kwa mdomo.

Sasa tumbo limetulia. Ni saa mbili asubuhi. Baba yake, ovaroli mwilini, ameketi juu ya ndoo iliyofunikwa. Ameshika bomba la sindano lisilo na kisukumio, usawa wa bega la binti yake. Maziwa yanashuka taratibu kwenye mpira unaoingia tumboni kwa mtoto. Simu ya mteja inaita. Haipokei.

"Huyu ni Mkurugenzi," anamwambia mwandishi aliyekuja kuwatembelea. "Anakula kwa saa. Ukichelewa unaandikiwa barua."

Mkurugenzi ana miaka minne. Anachezea spana na kumwambia baba yake kwamba mkono umepanda mno. Baba anaushusha.

Alipokuwa na miaka miwili na nusu, alikunywa dawa ya kuzibulia masinki. Baba yake alikuwa ameimimina kwenye chupa ya soda ili ienee kwenye mkoba wa kazi. Njia ya chakula iliungua, ikapona kwa makovu, ikabaki nyembamba kama mrija wa wino wa kalamu. Mate yanapita. Chakula hakipiti.

"Usiandike kwamba ilikuwa ajali," anasema. "Andika kwamba chupa niliiweka mimi."

Madaktari walisema akifika kilo kumi na tatu watampasua na kumtengenezea njia mpya. Tangu hapo fundi na mkewe, mshona nguo, wanazitafuta kilo hizo gramu kwa gramu. Mwezi mzuri huleta gramu mia mbili. Mwezi uliopita mizani ilisoma kilo kumi na mbili na gramu mia saba.

Ndipo tumbo likachafuka. Muuguzi wa kliniki aliwaelekeza kwa simu: wasimamishe maziwa, wampitishie kwenye mpira maji ya dawa ya paketi, kidogo kidogo kila baada ya dakika chache, na waangalie kama anakojoa. Mama alishusha saa ya ukutani, akaipakata.

Siku ya pili kutapika kulikoma. Muuguzi akasema maziwa yarudi, lakini nusu ya kipimo na bila haraka. Mama alitoka kupeleka gauni la mteja, akamwachia mumewe zamu.

Fundi akapiga hesabu ya milo kumi iliyopotea. Akapasha kipimo kizima, akaongeza nusu. Maziwa yakawa yanasitasita njiani, naye akafanya kile anachofanya kazini maji yakisitasita. Alitia kisukumio, akasukuma.

Mtoto alitapika yote. Kuharisha kukarudi. Mama aliporejea alimkuta macho yameingia ndani, analia bila machozi. Walikimbilia hospitali, wakakaa wodini siku mbili, mtoto akiwa kwenye dripu.

"Mke wangu hakunigombeza," fundi anasema. "Aliniuliza tu, 'Baba Mkurugenzi, huyu ni sinki?'"

Anatazama maziwa yanavyoshuka.

Wodini muuguzi alimweka chini, akamwonyesha upya namna ya kushika bomba. Alimwambia, "Baba, usimlipe milo ya jana. Mpe wa leo."

Walianza na robo, wakaenda nusu, kisha robo tatu. Leo ndiyo mara ya kwanza kipimo kimejaa. Kikiisha, fundi anapitisha maji safi kuosha mpira, nayo yanashuka yenyewe. Kisukumio amekitundika kwenye msumari, juu, karibu na dari. Masinki ya wateja siku hizi anayazibua kwa waya.

Mkurugenzi ameshaagiza mlo wake wa kwanza baada ya upasuaji: mkate, ule upande mgumu, autafune mwenyewe.

Jana walimpima. Kilo kumi na moja na gramu mia tisa. Fundi anahesabu kwa vidole vya mkono ulio huru: gramu mia nane zimekwenda, miezi minne ya kuzirudisha.

"Miwili ni ya ugonjwa," anasema. "Miwili ni yangu."