Mwanaupe Alivyoishusha Pikapu ya Marehemu

Mimi si mtu wa kushangaa ovyo. Ni fundi cherehani wa Mwisenge, na fundi cherehani anaishi kwa kuona kasoro: bega hili limepanda, pindo lile limeshuka. Mke wangu husema hata malaika akitua Musoma, nitaanza na mshono wa kanzu yake. Basi nikisema Mwanaupe wa Nyakato alinishangaza, sisemi kwa adabu tu.

Mwanaupe alikuwa mjane wa Twalib, aliyekuwa akibeba samaki kutoka mwaloni, wanakoshushia wavuvi, kwenda Bunda kwa pikapu yake ya Datsun. Twalib alipenda mzigo. Springi za nyuma alizokuta hazikumtosha, akaongeza mabamba ya chuma juu ya mabamba, mpaka gari likiwa tupu lilisimama matako juu, kama bata anayetafuta kitu chini ya maji. Mtaa mzima ulikuwa unalitania, na yeye anacheka na sisi.

Kisha ikaja ile miaka ambayo hata sabuni ilipatikana kwa kujuana. Matairi yakaisha, kibali cha mengine kikawa ndoto, pikapu ikapandishwa juu ya mawe uani. Twalib alifariki ikiwa bado juu ya mawe. Watu walikuja wakitaka kuinunua, mwingine injini, mwingine milango. Mwanaupe aliwakaribisha chai na kuwaambia haiuzwi. Kila Ijumaa asubuhi aliiosha, gari lisilokwenda hata dukani. Wengi walisema uchungu umempanda kichwani.

Biashara zilipofunguliwa na bidhaa kuanza kuingia kutoka mpakani, alipata matairi yaliyotumika, akayafunga mwenyewe. Hapo ndipo tulipojua kwamba miaka yote ile, Twalib akilala chini ya gari, mkewe alikuwa amelala pembeni yake akimpa spana. Mwaka wa themanini na saba Mwanaupe alikuwa barabarani na samaki wake, kanga kiunoni, na hakuna aliyethubutu kumtania.

Mwaka huohuo baba yangu, mzee Burito, alianguka kutoka juu ya ghala la mtama kule kwetu Bugwema, akavunjika paja. Alikaa hospitali ya mjini muda mrefu, mguu umefungwa hogo la plasta kutoka nyonga hadi vidoleni. Siku aliyoruhusiwa nilikwenda naye hadi uani kwa Mwanaupe kuomba gari. Ndani ya kebini mguu ule haukuingia, hata tulipoukaribisha kwa pembe zote.

"Tutandike godoro nyuma, alale," nikasema.

"Silali kwenye gari," baba akajibu. Alikuwa ameegemea magongo, na kigoda chake cha miguu mitatu kilikuwa kwapani mwangu. "Nitakaa. Kigoda changu hicho."

Tukampandisha, tukamkalisha. Lakini sakafu ya pikapu ilikuwa imeinama kuelekea kebini, kwa sababu ya zile springi za Twalib. Kigoda kikateleza, baba akateleza nacho, mguu mweupe ukabaki hewani. Nikaweka kabari ya ubao. Mwanaupe alipoliwasha gari na kulisogeza kidogo tu, zile springi ngumu zikalirusha, kabari ikaruka. Nikapendekeza tumfunge kamba.

"Mbuzi ndiye anafungwaga kamba," baba akasema.

Nilikasirika. Nilimwambia mbele za watu kwamba kiburi chake kitamvunja mguu wa pili. Mwanaupe hakunitazama. Alimsogelea mzee na kumuuliza taratibu, "Baba, unaogopa nini?"

"Mama Masatu," baba akasema.

Masatu alikuwa kaka yangu mkubwa, kifungua mimba wa nyumba yetu. Alifia kazini Mwanza, akaletwa kwa lori, amelala. Kwetu gari la msiba huja polepole. Lenye wazima hurusha vumbi. Siku ile mama yangu, Wankyo, alikuwa shambani akipalilia mihogo, akaliona lori linakuja pole kutoka mbali, akajua kabla halijafika. Tangu hapo gari likiingia Bugwema taratibu, mama hukaa chini popote alipo. Na sasa mganga wa zahanati alikuwa amekwisha kutuonya kuhusu moyo wake, na habari zilikuwa zimemfikia kwamba mumewe amezidiwa.

"Mkinipeleka nimelala, au mkaenda polepole kwa ajili yangu, mtazika mtu," baba akasema. "Na hatakuwa mimi."

Mwanaupe alizunguka nyuma ya pikapu, akachuchumaa, akazitazama zile springi kama mtu anayesoma barua ya nyumbani. Alipoinuka alisema, "Twalib aliipandisha kwa ajili ya samaki. Nipeni leo, nitaishusha."

Alifanya kazi palepale uani. Alizuia matairi ya mbele kwa mawe, akainua nyuma kwa jeki, kisha akasukuma magogo mazito chini ya chesi kwa sababu, alisema, jeki ni ya kuinulia, si ya kuaminiwa. Akatoa magurudumu. Nati zilizoshikilia springi zilikuwa na kutu ya miaka ya mawe. Alizipaka mafuta, akazisubiri, akazirudia, akavuta spana kwa mwili wote mpaka zikalia na kukubali. Mabamba aliyoyaongeza mumewe aliyatoa moja moja. Hakuyatupa chini. Aliyafuta kwa ncha ya kanga na kuyalaza kwenye mkeka, makubwa na makubwa, madogo na madogo, na mkono wake ulikaa juu ya la mwisho zaidi ya ilivyohitajika. Sikujua niangalie wapi.

Gari liliposhushwa, matako yake yalikuwa yamekaa sawa na pua. Mwanaupe akapanda, akaweka karai la maji katikati ya sakafu. Maji yaligusa alama ya kutu iliyozunguka karai ndani, pande zote sawasawa. Nikapiga makofi.

"Bado," akasema. "Gari la huku halitembeagi tupu. Nani ataona pikapu inakwenda Bugwema asiombe lifti? Na mimi nitamkatalia nani?"

Akatoka barabarani, akaanza kuita watu. Alimwita Boniphace muuza mkaa, mtu wa uzito wake. Akawaita wanawake waliokuwa wakirudi kisimani na ndoo zao, akawaomba wapande nazo. Wakapanda wakicheka, wakimuuliza harusi ni ya nani. Nyuma ya gari ikazama, na maji ya karai yakamwagikia miguu ya Boniphace. Kama tungeondoka vile, kwenye mlima wa kwanza baba angetokea nyuma na kigoda chake.

Mwanaupe aliwashusha wote, akaanza upya. Alirudisha bamba moja nene kila upande, akafunga, akateremsha, akawapandisha. Maji yakainama kidogo tu kuelekea kebini. Akawashusha. Akalitoa lile nene, akachagua jembamba kutoka mkekani, na watu walikuwa wameacha kucheka. Walikuwa wanasubiri kupandishwa kama wanaosubiri ibada.

Walipokaa mara hiyo, akajaza karai upya. Maji yalitikisika, yakazunguka, yakatulia. Yalisimama sawa kabisa, na watu wote wale juu yake, na ndoo, na Boniphace. Nilikuwa nimeona kanisa likijengwa na daraja likimwagwa zege, lakini sikuwahi kuona kitu kilichonifanya nishushe sauti namna ile. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusogea.

"Sasa akae mzee mwenyewe," Mwanaupe akasema.

Kesho yake tuliondoka. Ilikuwa kama alivyosema: hatujaacha lami tulikuwa na abiria, na kila alipopanda mtu Mwanaupe alichungulia na kuelekeza, wewe huku, gunia lile kule. Tulipoingia kwenye vumbi hakupunguza mwendo. Barabara ilikuwa na mikunjo kama bati, nikamshika baba bega, akanitoa mkono. Alikuwa amekaa wima juu ya kigoda, mguu umenyooka mbele yake, fimbo mkononi. Gari lilikuwa linapanda na kushuka chini yake kwa ulaini, na yeye anakwenda nalo. Nilimwogopa kidogo, kwa jinsi alivyokuwa mkubwa pale juu.

Mama alikuwa kando ya njia, mikono kichwani. Nilimwona kabla hajatuona vizuri. Nikaona anavyolitazama vumbi letu, jinsi lilivyo refu, na mikono yake ikashuka yenyewe. Baba akainua fimbo. Abiria wote wakapiga kelele kwa pamoja, hata wasiomjua.

Mwanaupe alisimamisha gari ubavu kwake. Mama yangu ni mfupi, lakini ukingo wa ile pikapu sasa ulimfikia kifuani tu. Hakutusalimu. Alipitisha mkono juu ya ukingo, akaanza kumgusa mumewe: hogo, goti la mguu mzima, mkono wenye fimbo.

"Lile lori lilikuwa juu," akasema. "Niliruka, nikaona mbao tu. Sikumfikia mwanangu."

Akaushika ule mkono kwa mikono yake miwili.

"Wewe nimekufikia, Baba Masatu."

Baba, ambaye njia nzima hakuinama, akainama.