Baiskeli Isiyokuwa na Keria

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu mama alikuwa akichambua maharage uani, na muda wote niliokuwa nikimbembeleza hakuinua macho kuniangalia. Nakuita mwanangu ingawa wewe ni mjukuu wangu. Mtoto wa binti yangu ni mtoto wangu, na uzee umenipa ruhusa ya kuchanganya mambo. Jana ulikuja kuniomba nikusemee kwa mama yako akukubalie kununua baiskeli ya mashindano, ile yenye tairi nyembamba na usukani uliojikunja kama pembe za kondoo dume. Nitakusemea. Lakini kaa kwanza unywe chai, baiskeli haijakukimbia.

Nilikuwa na umri kama wako, pengine nimekuzidi kidogo. Ilikuwa miaka ile ya Ujamaa, mashamba ya mkonge yameshataifishwa, nami nilikuwa nimeteremka kutoka kwetu Chome kufanya kazi kwenye shamba moja huku chini, upande wa Makanya. Nilikuwa kwenye korona, ile mashine inayokwangua majani ya mkonge mpaka zibaki nyuzi. Fundi mmoja wa karakana alikuwa anahamia Tanga, na alitaka kuuza baiskeli yake ya mashindano. Nilipoiona tu, usingizi ulinipotea. Enzi zile mtu mwenye baiskeli nzito ya kubebea magunia alikuwa tajiri. Je, mwenye ile nyepesi, inayolia tiki tiki tiki inapoteremka? Huyo wasichana walimjua kwa mlio.

Baba yangu alikuwa amefariki na kuniachia mtamba mmoja, aliyekuwa akikatiwa majani na mama. Ili nipate baiskeli ilibidi mtamba auzwe, na kwetu kijana hakuuza mnyama wa marehemu baba yake mpaka mama atoe neno. Ndiyo maana nilipanda mlima kwa miguu, nikaketi pale uani, nikaanza kusema.

"Mama, nitakuwa nawahi kazini."

"Kazini si unalala palepale?"

"Wenzangu wote wanazo."

"Wenzako wana wake pia. Umekuja na mchumba?"

Nilizunguka huku na huku kama kuku anayetafuta pa kutagia, na kila mlango niliougusa aliufunga. Mama hakuwa mkali. Alikuwa na hiyo tabia ya kukujibu polepole mpaka ujione mjinga mwenyewe. Basi nikaona nitumie neno nililolibakiza mwisho.

Sharti nikueleze kwanza. Mama alikuwa na dada yake mmoja tu, mama mkubwa Nakijwa, aliyeolewa Same mjini. Miguu ya mama mkubwa ilikuwa imevimba, mlima haupandi tena. Na mama, chochote chenye injini kilimtapisha. Alipanda basi mara moja katika maisha yake, wakamteremsha njiani akiwa hoi, akaapa kwamba hatarudia. Kwenda kwa miguu ni safari ya kulala njiani, na nyumbani kuna shamba na mifugo. Basi ndugu wale wawili, waliolala kitanda kimoja utotoni, walikaa miaka bila kuonana. Salamu zilipanda na kushuka na wapita njia.

Nikasema, "Mama, ukifika Makanya mimi nitakupakia. Nitakupeleka mpaka Same kwa mama mkubwa. Barabara ni lami tupu, hutasikia hata injini."

Mikono yake ikasimama juu ya ungo. Kwa mara ya kwanza akaniangalia.

"Ina pa kukalia mtu?"

"Itakuwa na keria, mama."

Ulimi hauna mfupa, mwanangu. Nilijua wazi kwamba ile haikuwa na keria. Nilijiambia nitaifunga baadaye, na nilipojiambia hivyo sikuona kama nimesema uongo. Mama akarudi kwenye maharage yake. Baada ya muda akasema, "Haya. Mtamba na auzwe." Wiki ile ile yule mnyama akatolewa zizini, na mama akabaki bila maziwa aliyokuwa akiyangojea.

Baiskeli nilipoipata nikaipandisha Chome kumwonyesha. Njia ya kwetu ni mawe na mizizi, kwa hiyo niliibeba mimi begani badala ya yenyewe kunibeba, na watoto wakanifuata wakicheka njia nzima. Mama alinipokea mlangoni akiwa na kimto mkononi. Alikuwa amekishona kwa kitambaa cha koti la marehemu baba, kile cha kijani, na kifungo kimoja cha koti bado kilikuwapo pembeni. Ndani alijaza sufi. Kilikuwa cha kukalia kwenye keria asiumie.

Akaizunguka baiskeli. Akaangalia nyuma yake, akaangalia tena.

"Nitaifunga, mama. Fundi anaitafuta."

"Haya, mwanangu," akasema, akakirudisha kimto ndani.

Fundi wa baiskeli nilimuuliza kweli, nisijidhulumu. Akaniambia baiskeli ile haikutengenezwa kwa keria, na tairi zile zikibebeshwa mtu wa pili zitapasuka. Akanishauri niibadilishe na ile nzito, kwa kuwa wenye kuitaka yangu walikuwa wengi. Sikubadilisha. Hapo ndipo nilipokosea, mwanangu, hapo hasa. Ile keria ningeweza kusema nilighafilika. Lakini ushauri ule niliusikia kwa masikio yangu, nikaupima, nikaona bora mlio wa tiki tiki.

Kila Jumapili tukawa tunashindana kwenye lami, mimi na makarani wawili wa shamba, kutoka Makanya mpaka Same. Nikifika Same napita kwa mama mkubwa Nakijwa kunywa uji. Naye kila mara huniuliza, "Mdogo wangu anakuja lini?" Nami hujibu, "Anakuja." Chome sikupanda tena. Ningepandaje, nikaangaliwe nyuma ya baiskeli?

Jumapili moja baada ya mavuno, nikiwa mbele ya wenzangu, nikaona mwanamke anatembea kando ya lami peke yake, mkungu wa ndizi kichwani. Chini ya mkungu, badala ya kata, palikuwa na kitu cha kijani. Nilipokaribia nikaona kifungo.

Mwanangu, sikusimama. Sikusema hata shikamoo. Niliinamisha uso juu ya usukani, nikampita mama aliyenizaa kama ninavyopita jiwe la barabarani. Nilijidanganya kwamba hakunijua. Mama gani asiyeujua mgongo wa mwanawe?

Nilifika Same wa kwanza. Wenzangu walipofika wakanipiga mabega wakinishangilia. Nikageuza baiskeli. Nilimkuta ameketi kando ya barabara, mkungu chini, kimto mapajani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Akanifuta jasho usoni kwa upindo wa kanga yake. "Umewashinda?"

Afadhali angenichapa. Mpaka leo, nikiwa peke yangu, nalisikia swali lile.

Nikajaribu kuufunga mkungu kwenye baiskeli, ukaanguka. Basi nikaweka kimto kichwani pangu, nikaubeba mimi, na mama akaikokota baiskeli. Waliotupita walicheka, na walikuwa na haki. Njiani ndipo akaniambia kwamba wapita njia walimletea habari: dada yake hali yake si nzuri. Angenitumia mtu, akasema, lakini alijua nina kazi nyingi.

Mama mkubwa alipomwona mdogo wake mlangoni alilia mpaka akakohoa. Kisha akasema, kwa furaha tu, bila ubaya wowote, "Huyu kijana wako ana moyo! Kila Jumapili yuko hapa na baiskeli yake. Kila nikimuuliza ananiambia unakuja."

Nikaangalia sakafu. Kila Jumapili! Mama hakuyajua hayo. Akamgeukia dada yake, akasema, "Ndiyo, dada. Mimi ndiye niliyekuwa nikimtuma akusalimie."

Akanisitiri, mwanangu. Mbele ya dada yake akaubeba uongo wangu, kama alivyoubeba ule mkungu.

Walikaa pamoja siku chache. Mama mkubwa hakuiona masika iliyofuata. Siku zile chache ndizo pekee walizozipata, na zingeweza kuwa Jumapili nyingi. Niliiuza baiskeli ile, nikanunua nzito yenye keria, na mama akaikalia mara moja tu, tulipokwenda kuzika. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, huja kinyume. Basi wewe usiwe mjukuu wa namna hiyo.

Sasa nisikilize. Kutaka baiskeli ya mashindano si dhambi. Kijana asiyetaka kitu huyo ni mgonjwa. Mwombe mzazi kwa haja yako mwenyewe, useme wazi kwamba unaitaka kwa sababu inakimbia na inapendeza. Akikataa, amekataa, utaomba tena. Lakini usiitafute kiu yake ukaifanya ndiyo ndoano ya kumvulia. Ukimwonyesha mzazi maji, umnyweshe. Na ukiona umekosea njia, geuza mapema, usisubiri mpaka ufike mwisho na kupigwa mabega.

Nimesikia umemwambia mama yako kwamba ukipata baiskeli hiyo utakuwa unampeleka Same kliniki kwa ajili ya mgongo wake. Kesho nitamwita tuzungumze, na nitakusemea kwa nguvu zangu zote zilizobaki. Ila usiku huu nenda ukamwambie ukweli: ile unayoitaka ina pa kukalia mtu, au haina?

Nenda, mwanangu. Mungu wa babu zako akupe miguu yenye nguvu na barabara nyeupe, na popote utakapomkuta mama yako njiani, akujalie moyo wa kusimama.